German Shepherd au Labrador: yupi anafaa nyumba yenye watoto wadogo?

mama_goba
Wakuu, habari za jioni. Tumehamia kwetu Goba, ukuta umekamilika, geti limefungwa, na watoto wanadai mbwa kila kukicha. Mkubwa yuko darasa la tatu, mdogo bado hajaanza shule. Mume wangu anataka German Shepherd, maana mtaa una viwanja vingi vitupu na jirani ameshaibiwa. Mimi moyo wangu uko kwa Labrador. Nimewaona kwa rafiki yangu, watoto wanawalalia mgongoni na mbwa ametulia tu. Mchana nyumbani anabaki dada wa kazi na mdogo, sisi tunarudi jioni, foleni ikituonea huruma. Mama mkwe naye huja kutoka Lushoto akakaa hata mwezi. Naomba ushauri wa waliofuga mbwa hawa hapa hapa kwetu, kwenye joto letu na kupe wetu.

baba_wa_labrador
Dada, mimi nimefuga Labrador Mbezi, kwa hiyo upande wangu unaujua kabla sijaanza. Kwa watoto sijaona wa kumfikia. Mwanangu alijifunza kusimama akimshika masikio, na mbwa hakuwahi hata kukunja uso.

Lakini ujue unachokileta. Kwanza, tumbo. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walieleza kwamba karibu robo ya Labrador wana hitilafu kwenye jeni iitwayo POMC, inayowafanya wasijue kwamba wameshiba. Wangu atamaliza bakuli lake, atakwenda kusimama chini ya kiti cha mtoto anayekula, kisha atajaribu mfuniko wa ndoo ya taka. Watoto wakimrushia kila kinachobaki, baada ya mwaka utakuwa na mbwa mnene anayehema kwa kutoka barazani hadi getini.

Pili, masikio. Yamelala, na hewa ya Dar ina unyevu. Akiogeshwa asipokaushwa vizuri ndani ya sikio, baada ya siku chache utasikia harufu nzito, na utamwona anatikisa kichwa na kujikuna. Sisi tunakausha kwa kitambaa cha pamba kila akitoka majini.

Tatu, mkia. Mtoto wa miaka mitatu anaangushwa na furaha ya mbwa huyu, si kwa ubaya.

Kuhusu wezi nitasema ukweli: anabweka mtu akigonga geti, na sauti yake ni nzito. Akishaingia huyo mtu, atapelekewa kiatu.

mkufunzi_wa_mbwa
Mleta mada, nimefundisha mbwa wa walinzi na wa majumbani kwa muda mrefu, na nawapenda German Shepherd kuliko mbwa wote. Ndiyo maana nakuomba usichukue Shepherd mdogo kwa sasa.

Mbwa huyu alitengenezwa kwa kazi. Kapteni wa Kijerumani, Max von Stephanitz, alianzisha chama cha mbwa hawa mwaka 1899, na alichokitaka ni mchunga kondoo mwenye akili na utii. Asili hiyo haijatoka. Mtoto wa Shepherd wa miezi minne akiona watoto wako wanakimbizana uani, atawafuata na kuwauma visigino ili wakae pamoja. Hajawa mkali, anachunga. Mtu mzima anayejua atamwita, atampa kitu kingine cha kutafuna, atamsifu akiacha. Dada wa kazi asiyefundishwa atachukua fimbo au atamfunga mnyororo, na mtoto wako mdogo atapiga kelele na kukimbia zaidi. Hapo mbwa anajifunza mambo mawili mabaya kwa mpigo.

Hatari kubwa ni mnyororo. Hapa kwetu watu wananunua Shepherd, wanamfunga chini ya mwembe asubuhi hadi usiku wakiamini kwamba ndivyo anavyokuwa mkali. Anakuwa mwoga. Mbwa mwoga mwenye kilo 35 anauma bila kuchagua, na wa kwanza kuumwa huwa ni mtoto wa jirani aliyefuata mpira au shangazi aliyeingia bila kuita. Mlinzi mzuri ni yule aliyetulia, anayemjua kila mtu wa nyumba na anayeweza kutofautisha muuza maziwa na mtu anayeruka ukuta. Utulivu huo unajengwa hasa kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne ya maisha yake: aone watu wa kila aina, bodaboda, mwavuli, mzee mwenye bakora, mtoto anayelia. Baada ya umri huo unaweza kumfundisha bado, ila unapanda mlima.

Kwa hiyo swali langu kwenu ni moja. Nani atakuwa naye asubuhi na jioni, dakika ishirini hivi kila mara, kwa mwaka mzima wa kwanza? Baba akisema ni yeye, na akawa ni yeye kweli, Shepherd jike ni mbwa wa ajabu kwa familia. Kama jibu ni "dada atamwangalia", chukua Labrador.

daktari_wa_mifugo_Moro
Naongezea upande wa afya. Wote wawili wana tatizo la nyonga la kurithi, ambapo kichwa cha mfupa wa paja hakikai vizuri kwenye tundu lake. Shepherd wenye mgongo ulioteremka sana nyuma muwaepuke, hata kama muuzaji anasema ndiyo mbegu halisi. Msimnenepeshe mbwa akiwa mdogo, na msimfanye acheze kwenye vigae vinavyoteleza. Nyumba nyingi mpya za Dar ni vigae sebuleni hadi barazani, wekeni hata mkeka.

Kwa mazingira yetu, adui mkubwa ni kupe wa kahawia. Analeta erlikia, ugonjwa wa damu, na German Shepherd akiupata ugonjwa huo huumwa vibaya kuliko mbegu nyingine nyingi. Nimewapokea wengi wakiwa wamechelewa. Mbwa anaacha kula, ana homa, baadaye damu inatoka puani. Jizoesheni kumfunua mdomo: fizi zinatakiwa ziwe na rangi ya waridi, zikipauka msisubiri kesho. Ukiwahi, antibiotiki iitwayo doksisaiklini inamsaidia. Ukichelewa, uboho unaacha kutengeneza damu na hakuna kikubwa ninachoweza kufanya. Dawa ya kupe itolewe mwaka mzima, na banda lipigwe dawa pia, kwa sababu kupe huyu anaishi kwenye nyufa za ukuta.

Jambo jingine ambalo halisemwi: unga. Wengi mnawapikia ugali wa dona na dagaa, chakula kizuri tu. Lakini mahindi yaliyoota ukungu, yale ambayo mnaona hayafai kwa watu, msimpe mbwa. Sumukuvu inaua ini la mbwa haraka kuliko la binadamu. Na chakula kigawanywe mara mbili kwa siku, hasa kwa Shepherd, ambaye ana kifua kirefu. Akila sinia zima kisha akakimbia, tumbo linaweza kujaa gesi na kujizungusha, na hapo ana saa chache tu.

mama_goba
Asanteni sana, daktari hasa, hilo la fizi sikulijua. Mkufunzi, nimemsomea mume wangu maneno yako yote. Ameniambia kwa uaminifu kwamba wiki za mwisho wa mwezi harudi kabla ya saa mbili usiku. Naomba pia kujua kuhusu joto. Wote wana manyoya mazito, ninyoe?

daktari_wa_mifugo_Moro
Usinyoe, mama. Manyoya yao yana tabaka mbili, na yanazuia jua lisifike kwenye ngozi. Mchane tu, manyoya yaliyokufa yatoke, na ujiandae kufagia kila siku, wote wawili wanapukutisha sana. Matembezi yawe kabla ya saa moja asubuhi au jua likishazama. Maji yawe kivulini muda wote. Labrador achungwe zaidi, kwa sababu hajui kuacha kucheza mwenyewe. Utamwona ulimi umetoka wote na bado anakuletea mpira.

binti_wa_pwani
Dada, umemtaja mama mkwe wa Lushoto, na hakuna aliyeligusa hilo. Kama ni Waislamu kama sisi, lizungumzeni kabla mbwa hajaletwa. Kwetu Tanga tunafuata madhehebu ya Shafi. Mate na unyevu wa mbwa ni najisi, kinachoguswa huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa, na babu yangu alikuwa nao shambani miaka yote. Hatukuwahi kuwanyanyasa, walipewa maji na chakula kabla ya sisi kula. Lakini walikuwa na mahali pao.

Sasa angalia tabia. Labrador anataka kuwa ulipo: mlangoni, jikoni, miguuni, na anapenda kulamba. Ukimweka uani peke yake siku nzima atachimba mashimo na kutafuna viatu kwa upweke. Shepherd aliyezoeshwa anakubali zaidi kwamba eneo lake linaishia ukumbini. Mzee anapotaka kuswali kwa amani, jambo hili si dogo. Mtengeeni mama chumba na njia ambayo mbwa hapiti, na nguo za sala zianikwe mahali pa juu.

mama_goba
Umenigusa hasa, wifi yangu. Ndiyo, ni Waislamu. Nimempigia mama mkwe leo. Amesema hana neno na mbwa, ila asiingie ndani akiwa yupo. Tuna baraza kubwa la nyuma lenye geti lake, nadhani panafaa.

mzee_wa_Nakuru
Salamu kutoka Kenya. Wanangu, mbona mnazungumza kama mbwa wako wa aina mbili tu duniani? Mbwa wetu wa kienyeji ana nyonga nzuri, kupe hawamlazi ovyo, anakula kidogo na anabweka kwa wakati. Kule Nairobi KSPCA, chama cha kutetea wanyama, wanao mbwa wakubwa wanaotafuta nyumba, wengi ni chotara wa Shepherd na wa kienyeji. Uzuri wa kumchukua aliyekwisha kukua ni kwamba tabia yake unaiona. Unampeleka mtoto karibu naye, unaangalia mkia na masikio, unajua. Wa wiki nane ni siri.

mkufunzi_wa_mbwa
Shikamoo mzee. Hapo sipingi hata kidogo. Chotara niliowafundisha wengi wao wametulia kuliko wale waliokuja na karatasi za ukoo. Tahadhari yangu ni kwa nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu: mbwa mkubwa ambaye hujui alilelewaje apewe muda, na asiachwe peke yake na mtoto. Hata Labrador mpole vipi, hasa akiwa anakula au amelala, mtoto akae mbali. Mfundisheni mdogo hilo kabla mbwa hajafika: hatumshiki mkia, hatumkaribii akila, hatumkumbatii shingoni.

mzee_wa_Nakuru
Marahaba. Umesema kweli.

baba_wa_labrador
Kwa habari ya wezi, dada, msimtegemee mbwa peke yake. Sisi tuliweka taa inayowaka mtu akipita, na miti iliyokuwa imeegemea ukuta tukaikata. Tangu hapo sauti ya Labrador inatosha, kwa sababu mwizi aliye nje hajui kwamba anapendwa.

mama_goba
Jamani, tumekaa na mume wangu jana usiku, tumekubaliana. Tunachukua Labrador jike sasa. Mdogo akianza shule na baba akipata nafasi, atatafuta Shepherd wake na mkufunzi nitamsumbua tena. Baba hajafurahi sana lakini amesema hataki mbwa wake alelewe kwa mnyororo. Kuna mfugaji Kibaha ana watoto wa wiki sita. Jumamosi tunakwenda kuwaona. Niangalie nini?

daktari_wa_mifugo_Moro
Msimchukue siku hiyo, wiki sita ni mapema. Aondoke kwa mama yake akiwa na wiki nane.

Mwombe muuzaji mmwone mama mbwa. Mwangalie anavyotembea na anavyowapokea wageni, hasa watoto wako. Akijificha au akinguruma bila sababu, vitoto vyake vinajifunza hivyo hivyo. Ukiambiwa mama yuko shamba jingine, ondokeni. Uliza kama baba ni ndugu wa mama, maana Labrador waliopo si wengi na wafugaji wanazalisha ndugu kwa ndugu. Pindua sikio, nusa. Tazama tumbo: likiwa limevimba kwa mwili mwembamba, ni minyoo. Kinyesi bandani kisiwe cha maji wala chenye damu, na kama kuna kitoto kilichokufa wiki hizo, sababu inaweza kuwa parvo, ugonjwa wa virusi wa kuhara damu, msichukue hata kilicho hai.

Akifika nyumbani, chanjo ya magonjwa kama parvo na distempa ianze, irudiwe kila wiki tatu au nne hadi wiki ya kumi na sita. Mpaka hapo asitembezwe mtaani, mbebeni tu aone dunia akiwa mikononi. Ya kichaa cha mbwa ni akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka, na cheti mkitunze. Na watoto wako wafundishwe: mbwa yeyote akimng'ata mtu, hata wa nyumbani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

mama_goba
Nimeandika yote kwenye daftari. Daktari, kuhusu jina watoto wanabishana, mmoja anataka Simba na ni jike.

binti_wa_pwani
Muacheni aitwe Simba, dada. Ila jina fupi kama hilo mlizoee wote, na dada wa kazi pia, asiitwe kwa majina matatu.