MREJESHO: Kutafuta kwa kinyota mwanzoni mwa neno

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza jinsi ya kutafuta *4471, yaani neno lolote linaloishia na 4471 (kinyota husimama badala ya herufi zozote), kwenye faharasa (orodha ya maneno ya kutafutia) ya Lucene, programu ya kutafuta maandishi, ambayo kwa kawaida hukataa kinyota kikitangulia. Kuiwezesha tu ikubali kinyota hicho kulifanya kazi, ila ni kobe: inapitia maneno yote ya faharasa. Kilichofaa ni ule ushauri wenu wa kuhifadhi kila neno pia likiwa limegeuzwa. *4471 inatafutwa kama 1744*, majibu papo hapo. Faharasa imenenepa na ilibidi kuijenga upya yote, sawa tu. Kinyota pande zote mbili, kugeuza hakusaidii. Hapo nimehifadhi kila neno pia likiwa limekatwa vipande vya herufi tatutatu: *447* inapatikana, *44* bado imegoma kwa kuwa ni fupi mno.