Tupeane uzoefu: vikombe, aunsi na galoni za Wamarekani zilivyotuponza

mamakeki_ngamiani
Wadau za jioni, naanza na langu. Juzi kati nimechukua resipi ya dada mmoja Mmarekani huko Yutyubu, unga katoa kwa gramu ila maziwa katoa kwa kikombe, basi mi nikatwaa kikombe changu cha bati kile cha chai nikajaza pomoni. Keki nje imeungua katikati uji, na ilikuwa ya mtu ya kitchen party. Nikaja kukipima kile kikombe kwa chupa ya maji ya nusu lita, kimemeza karibu chupa nzima, yamebaki maji ya kidole kimoja tu chini. Kumbe cha kwao ni mililita 237, haifiki hata nusu chupa!! Nani mwingine yamemkuta?

bintiwamakorora
Pole dada. Kama kila kitu kwenye resipi ni vikombe we tumia chochote, hata kopo, uwiano haubadiliki. Shida mayai, mayai hayajui kama kikombe kimekua 😂

nahodha_sahare
Hayo ya keki afadhali. Mi mashine yangu ya boti ni hizi za kuchanganya oili, maelekezo yake yameandikwa oili aunsi 2.6 kwa galoni moja ya petroli, na galoni kwetu si kile kidumu cha lita tano? Nikaenda hivyo mwezi mzima najiona mtaalamu. Siku tunarudi na samaki mashine ikachemka, ikalia kriii, ikanoki, tukapiga kasia upepo uko usoni. Fundi ndo akanipigia hesabu, galoni ya Mmarekani lita 3.785, aunsi yao mililita 29.6, yaani wao walitaka oili 1 kwa petroli 50, mi nilikuwa nampa 1 kwa 65. Saivi sitaki kusikia galoni, ni mililita 20 kwa kila lita, dumu la ishirini linakula 400, basi.

fundirangi
Nahodha usijilaumu. Galoni ya rangi dukani lita 4, kidumu lita 5, ya Mwingereza 4.546, ya Mmarekani ndo hiyo yako. Mteja akiniambia nataka galoni mbili namuuliza lita ngapi.

kijana_chongoleani
Shemeji yangu kasikia bomba la kutoka Hoima litaleta huku kwetu mapipa 216,000 ya mafuta kwa siku, akatoa simu akazidisha kwa 200 kama pipa letu la maji. Pipa la mafuta ghafi ni galoni 42 za Marekani, lita 159. Kaongeza karibu lita milioni 9 kutoka mfukoni kwake na bado anabisha.

bintiwamakorora
Bibi angewacheka wote, yeye pishi moja vibaba vinne, kamaliza. Ila mamakeki hujasema, mteja alilipa?

mamakeki_ngamiani
Alipe nini mwaya, nimerudisha hela yote. Watoto wa jirani wameila kwa vijiko.