Tupeane uzoefu: Lini ulimsoma vibaya mtu wa utamaduni mwingine, au ukasomwa vibaya wewe?

Mkalimani (mleta mada)

Wakuu, habari za saa hizi. Nimekaa na jambo hili moyoni muda mrefu, leo nalitoa, nanyi mtoe ya kwenu.

Kazi yangu ni ukalimani. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kumkalimania mtoto wa miaka saba aliyehamia nchi ngeni na wazazi wake. Mwalimu alisema haelewi darasani, kwa hiyo akapelekwa kupimwa akili. Mpimaji akampa karatasi na penseli, akamwambia achore mtu. Mtoto akachora duara, akashusha mistari miwili, akaiweka penseli chini. Mpimaji akainama kuandika. Wakati anaandika, mtoto akaokota vibanio viwili vya karatasi pale mezani, akavinyoosha, akaanza kuvikunja taratibu kwa kucha. Hakuinua macho hata mara moja. Mpimaji alipomaliza kuandika, mezani palikuwa na baiskeli: magurudumu mawili, usukani, na kijitandiko. Akaisogeza pembeni kwa kiwiko, akaendelea na swali lililofuata. Ripoti ikatoka kwamba uwezo wa mtoto uko chini ya umri wake.

Sikusema kitu, maana mkalimani haruhusiwi kuongeza neno lake. Linaniuma mpaka leo.

Baadaye nikakutana na kazi ya mwanasaikolojia Robert Serpell ya mwaka 1979. Aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza maumbo ya kunakili. Kwa penseli na karatasi, Waingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, Wazambia wakawapita. Kwa udongo, wakalingana. Wale wa Zambia walikuwa wamezoea kujitengenezea magari ya waya. Nilisoma ukurasa ule mara tatu nikiiona ile baiskeli.

Haya, nani mwingine?

Dada wa Wodini

Pole sana mkuu. Langu ni dogo, ila lilinitesa mwaka mzima.

Nilikwenda Denmark kufanya kazi ya uuguzi. Kila nikimuuliza mwenzangu kitu, ananyamaza kwanza, ndipo anajibu. Kimya kifupi tu, lakini mimi nilikisikia kama mlango unaofungwa. Nikajua wananidharau. Basi nikawa naziba lile pengo: narudia swali, naeleza upya, najijibu mwenyewe. Kumbe na wao walikuwa wanalalamika kwamba nawakatiza! Siku tulipokaa na mwenzangu mmoja tukaambiana, tulishikana mikono, wote tuna machozi.

Kuna watafiti waliopima jambo hili katika lugha 10, matokeo yakatoka mwaka 2009. Walitazama maswali ya ndiyo au hapana katika maongezi ya kawaida. Kwa wastani jibu huja baada ya sehemu moja ya tano ya sekunde hivi. Kidenmark ndicho kilichochelewa kuliko vyote, karibu nusu sekunde. Kilichowahi kuliko vyote? Kijapani. Na mimi siku zote nilisikia Wajapani ndio wanyamavu. Nusu sekunde, jamani. Ndiyo iliyonifanya nilie njiani kila nikitoka zamu.

Baharia

Fupi tu. Melini tulikuwa na fundi wa injini kutoka Bulgaria. Nikamuuliza kama valvu imefungwa. Akainamisha kichwa chini na juu, nami nikaondoka. Kwao hiyo ni hapana. Maji yalitufika vifundoni kabla hatujaelewana. Tangu siku ile nataka jibu la mdomo, hata kwa ndugu yangu wa damu.

Mlezi

Nimelea watoto wa familia moja Ujerumani. Mdogo alikuwa na mwaka na miezi miwili. Mama akiaga asubuhi, mtoto anamtazama, anarudi kwenye vitu vyake vya kuchezea. Jioni mama akirudi, mtoto hamkimbilii. Nikahukumu moyoni: hapa hakuna mapenzi. Nikaanza kumbeba kutwa nzima, nikimfidia kile nilichodhani anakosa. Mama yule aliniambia kwa upole kwamba namfundisha mtoto kuogopa kukaa peke yake, wakati wao wanamfundisha kujitegemea. Nilikasirika. Nilichukua muda mrefu kuona kwamba usiku mtoto akiugua, mikono aliyoitaka ilikuwa ya mama yake, si yangu.

Kipimo maarufu cha mambo haya, cha kumwacha mtoto kidogo na mgeni na kuangalia mama akirudi anapokewaje, ni cha mwanasaikolojia Mary Ainsworth. Alianza kuwatazama akina mama na watoto wao nchini Uganda mwaka 1954, akaja kutengeneza kipimo chenyewe Marekani. Kilipopelekwa Bielefeld, Ujerumani, karibu nusu ya watoto waliwekwa kundi la wanaomkwepa mama. Kilipopelekwa Sapporo, Japani, watoto walilia mno, kwa sababu hawakuzoea kuachwa hata dakika chache. Ukisoma namba bila kuujua mji, utawaonea wazazi wa pande zote mbili.

Sauti ya Pili

Naomba nipingane kidogo, na naomba mnisikilize.

Nilipokuwa mwanafunzi niliishi na kijana wa Kichina. Hakuwa msemaji, hakuja tulipokaa pamoja, alilalamika kichwa na kifua tu. Vipimo vya hospitali vikawa safi. Sisi wenzake, kwa nia njema kabisa, tukasema watu wa kwao ndivyo walivyo, tusimwingilie. Tuliheshimu utamaduni wake mpaka tukakaribia kumpoteza. Aliyemwokoa ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hakujua lolote kuhusu China. Alimuuliza tu: unalala usiku? Akajibu ana wiki tatu halali.

Daktari wa magonjwa ya akili, Arthur Kleinman, alichunguza wagonjwa 100 huko Hunan, China, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu waliokuja wakilalamikia uchovu, kichwa na maumivu ya mwili, wakiambiwa ni udhaifu wa neva. Akaona 87 kati yao wana sonona. Huzuni ilikuwepo, imepitia mwilini. Kwa hiyo utamaduni ulimfundisha rafiki yangu aseme kwa njia gani, lakini maumivu yalikuwa maumivu. Msiache kuuliza.

Mkalimani (mleta mada)

Sauti ya Pili, umenigusa, na sikupingi. Makosa ni mawili kweli: kumpima mtu kwa rula ya mwingine, na kuogopa kumpima kabisa. Hiyo rula yenyewe imetengenezwa mahali padogo. Makala ya watafiti Henrich, Heine na Norenzayan ya mwaka 2010 ilikumbusha kwamba asilimia 96 ya waliochunguzwa katika majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia.

Kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu yule mtoto. Wazazi waliomba apimwe upya, na mara ya pili alipewa vitu vya kushika na mtu aliyezungumza lugha yake. Akarudishwa darasa la wenzake. Baiskeli ninayo, niliichukua mezani siku ile kabla haijatupwa. Gurudumu la nyuma limepinda kidogo. Natafuta namna ya kumfikishia.