Naomba ushauri: kufuatilia nova ya T Coronae Borealis kwa darubini ndogo
Ndugu zangu wapenzi wa elimu ya anga, ninalea klabu ya wanafunzi wa sekondari mjini Morogoro, nasi tungependa kufuatilia T Coronae Borealis, nyota pacha ambamo kibete cheupe (kiini kidogo kizito cha nyota iliyokufa) hunyonya gesi ya jitu jekundu (nyota kubwa iliyozeeka) lililo jirani yake, hadi gesi iliyorundikana juu ya uso wake ilipuke kinyuklia na nyota ing'ae ghafla. Huo ndio mlipuko wa nova, na kibete chenyewe husalia, tofauti na supanova inayoisambaratisha nyota (ile "nyota mpya" ya mwanaastronomia Tycho Brahe ya mwaka 1572 kumbe ilikuwa supanova). T Coronae Borealis ililipuka mwaka 1866 na tena 1946, ikapanda kutoka daraja la 10 la mng'ao hadi karibu na la 2 (namba ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi), na kwa siku chache tu ikaonekana kwa macho matupu.

Tuna darubini ya macho mawili ya 10x50 pekee (inakuza mara 10, lenzi zake zina upana wa milimita 50). Nyota Alphecca, jirani ya T Coronae Borealis angani, ya daraja la 2.2, tunaiona vizuri upande wa kaskazini jioni za Julai. Je, darubini hii inatosha kuiona T Coronae Borealis ikiwa bado imefifia? Tuilinganishe na nyota zipi, na kumbukumbu za kila usiku tuziandikeje ili zifae kupelekwa AAVSO (chama cha Marekani cha waangalizi wa nyota zinazobadilika mng'ao)?