Tupeane uzoefu: mtaro wa mbele ya mlango wako unazibuliwa na nani?

Mleta mada (muuza vifaa vya ujenzi, mji mdogo Kanda ya Ziwa)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nauza saruji, misumari na mabati kando ya barabara kuu inayokatiza mji wetu, na kwa miaka mingi niliamini kwamba barabara ikiharibika, kosa ni la greda kuchelewa. Mvua za mwaka jana zilinisahihisha. Mbele ya duka nilimwaga zege la kivuko ili magari ya mizigo yaweze kuingia, na chini yake nikalaza bomba la plastiki la inchi 6, nikidhani linatosha kwa sababu siku ile mtaro ulikuwa mkavu kabisa. Mvua kubwa ya kwanza ilileta chupa, magunzi ya mahindi na mchanga, bomba likaziba, maji yakapanda barabarani, yakavuka na kuingia kwa jirani yangu wa ng'ambo, mama mmoja mshona nguo. Hakunitukana. Alinionyesha tu majora yake ya kitambaa yaliyolowa. Nililipia vitambaa, kisha nikavunja kivuko changu kwa nyundo kwa muda wa siku mbili.

Nilipouliza ni nani hasa anayepaswa kuuzibua mtaro ule, nikagundua kuwa mtaa mmoja una wenyewe watatu. Barabara kuu iko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania. Barabara za mitaa zinazoingia humo ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza kazi Julai 2017 na kupokea barabara zilizokuwa mikononi mwa halmashauri. Na kufagia, kuzoa taka na kusimamia sheria ndogo za usafi kumebaki kwa halmashauri yenyewe. Maji hutoka mtaani, hupita sokoni na kumalizikia kwenye mtaro wa barabara kuu, kwa hiyo kila mmoja anaweza kumnyooshea kidole mwenzake, naye asiwe mwongo. Kwenu huko mnafanyaje? Naomba masimulizi ya mambo mliyoyaona kwa macho yenu.

Fundi sanifu mstaafu, Morogoro

Mwanangu, umefanya jambo la maana kukiri kosa, maana wengi huficha. Nimefanya kazi za barabara za udongo na changarawe kwa zaidi ya miaka 30, na ninachoweza kukuambia ni kwamba barabara ya mji mdogo huanza kufa pembeni, wakati katikati bado panapendeza. Barabara ya changarawe inatakiwa iwe na mgongo: kwa kila mita moja ya kutoka katikati kwenda pembeni, ishuke kama sentimita 4 hadi 6, ili maji yasipate nafasi ya kukaa. Mgongo ukilala, maji husimama, magurudumu huyakanyaga, na shimo huzaliwa hapo hapo.

Sasa, kosa ninalolikuta kila mahali ni hili. Greda linapita mara moja kwa mwaka, linakwangua, barabara inang'aa, watu wanafurahi. Lakini kama halikuletewa moramu mpya (udongo wa changarawe), basi limekwangua ile iliyokuwepo na kuisukuma pembeni, ikawa tuta kati ya barabara na mtaro. Maji yakifika kwenye tuta hayavuki. Yanateremka na barabara yenyewe. Ukifanya hivyo miaka 10 mfululizo, barabara inakuwa chini kuliko viwanja vya nyumba, na hapo huna barabara tena, una mfereji unaopitisha magari. Kabla ya kuomba greda, wapeni vijana majembe wakate tuta hilo kila baada ya hatua chache, na wafungue mitaro ya kutolea maji kwenda bondeni. Kazi hiyo haina sherehe ya uzinduzi, ndiyo maana hakuna anayeikumbuka.

Kuhusu makalvati, yale mabomba makubwa ya kupitisha maji chini ya barabara: lenye kipenyo cha sentimita 60 mtu mzima hawezi kuingia na kuchota mchanga, kwa hiyo likijaa hubaki limejaa. La sentimita 90 huingilika. Tofauti ya bei siku ya kununua ni ndogo kuliko hasara ya kulifukua baadaye. Na hilo bomba lako la inchi 6, mwanangu, lilikuwa la kutolea maji ya bafuni.

Mwanakikundi, Nyanda za Juu Kusini

Shikamoo mzee wa Morogoro. Mimi ni mmoja wa wanawake 12 ambao hupewa kazi ya kufyeka kando za barabara na kuzibua mitaro katika mji wetu. Tuliingia kupitia utaratibu wa ununuzi wa umma unaotenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Tulianza na mafyekeo, majembe, mabeleshi na toroli moja lililokuwa likivuta upande. Buti za mpira tulinunua baada ya mwenzetu kukatwa na chupa.

Nililojifunza ni kwamba kuchimba ni nusu tu ya kazi. Mwanzoni tulikuwa tukiurundika mchanga ukingoni mwa mtaro, tunapimiwa mita zetu, tunaondoka. Mvua ikinyesha usiku mmoja, mchanga wote unarudi ulikotoka, nasi tunaonekana wavivu. Mkataba wetu wa kwanza ulitaja kuzibua lakini haukutaja kusomba, na malipo yalichelewa miezi kadhaa, kwa hiyo hata fedha ya kukodi tela hatukuwa nayo. Mkataba uliofuata tulikaa chini tukausoma neno kwa neno, tukaomba usombaji uandikwe na upewe bei yake. Tangu hapo mchanga mzuri hatuutupi: tunaupeleka kwenye njia ya zahanati, ambako kulikuwa na dimbwi la kudumu.

Jambo jingine ni taka. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, mitaro imepumua kiasi, lakini chupa za maji na vifungashio laini bado tunavitoa kwa magunia. Na wanaofagia mbele ya maduka alfajiri, naomba mnisamehe, wengi wao hufagilia mtaroni.

Dereva wa bodaboda

Wazee wangu, mimi nina moja tu. Mtaro usiofunikwa uliojaa nyasi ndefu ni hatari kuliko shimo, kwa sababu shimo unaliona. Usiku nilimpisha mwenye lori, nikaenda pembeni, nikatumbukia na abiria wangu. Tafadhali, nyasi zifyekwe.

Mwalimu, Kasulu

Kwetu Kigoma TARURA imejenga madaraja ya mawe yenye umbo la upinde, kwa mawe ya huku huku na mafundi waliofundishwa huku huku, na gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya daraja la zege na nondo. Ninalopenda zaidi ni kwamba jiwe likilegea, fundi aliyelipanga anaishi jirani, na anaitwa kwa jina.

Mtanzania anayeishi Musanze, Rwanda

Huku kuna umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi, kwa watu wa miaka 18 hadi 65. Nyumbani nasi tuna usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maduka yakifungwa hadi saa 4, kwa hiyo siwezi kusema wazo ni geni. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba huku kazi ikiisha watu hukaa kikao palepale, wakakubaliana kuhusu mtaa wao. Nilikokulia mimi, wengi walikuwa wakifunga duka, wakakaa ndani kusubiri saa 4 ifike.

Mleta mada

Mzee wa Morogoro, shikamoo, na nimecheka peke yangu dukani. Jana nilichukua futi kamba nikapima: mtaro wangu una upana wa sentimita 80, na tuta ulilolisema lipo, limeota nyasi kiasi kwamba nilidhani ni sehemu ya barabara. Kivuko kipya sitakimwaga juu ya bomba. Kwanza nitaomba kibali, kwa kuwa nimejua kwamba niko ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo kwa sheria ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kisha nitasuka vifuniko vya zege vyenye vishikio vya nondo, watu wawili waweze kukinyanyua kimoja. Dada wa Nyanda za Juu, naomba unieleze: mnapozibua mtaro uliofunikwa, mnapendelea vifuniko vya urefu gani?

Mwanakikundi, Nyanda za Juu Kusini

Nusu mita, kaka. Zaidi ya hapo tunaviacha kama tulivyovikuta.