Macho ya chambo yanabanduka mapema hivi? Wauza vifaa vya uvuvi mnatuibia mchana kweupe

Wakuu, nina hasira na leo sitaimeza.

Natengeneza vyambo bandia hapa Jinja, wale samaki wa plastiki laini wenye mkia wa kupiga maji. Namimina mwenyewe nyuma ya nyumba, huu ni mwaka wa nne. Wateja wangu ni vijana wanaovua kwa fimbo upande wa Masese, pamoja na waongozaji wawili wanaopeleka wageni kwenye maporomoko ya Murchison, mto Nile, kutafuta sangara. Mwezi uliopita mmoja wa hao waongozaji alinirudishia vyambo 31 kati ya 40 alivyochukua. Vyote vipofu. Vingine vimebaki na jicho moja, vingine hata hilo hakuna, ni kishimo kitupu chenye ukoko mweupe wa gundi. Mgeni wake amelipa kibali, amelipa boti, ameamka alfajiri, halafu anarusha samaki asiye na macho. Yule bwana hakunitukana. Alisema tu, "Kaka, hivi siwezi kumpa mtu tena." Afadhali angenitukana.

Macho yenyewe nilinunua Kampala. Duka silitaji. Pakiti ya macho 200, milimita 8, yale yenye karatasi ya kumeta chini na kuba angavu juu, shilingi 40,000. Kabla sijatoa hela nilimwuliza muuzaji waziwazi: haya yanafaa kwa plastiki laini? Akanijibu yanafaa kwa chambo chochote, banua karatasi, bandika, nenda ukavue. Yakilegea, tia tone la supagluu.

Huo ni uongo, na mtu anayeuza vitu hivi kila siku hana kisingizio cha kutojua.

Plastisoli tunayomimina ni unga wa PVC uliochanganywa na mafuta ya kuulainisha. Ukiipasha hadi nyuzi 170 hivi za Selsiasi inakuwa angavu, unaimimina kwenye kalibu, inapoa na kubaki laini. Inabaki laini kwa sababu yale mafuta yamo humo humo, na hayatulii, yanajitokeza juu kidogo kidogo. Shika chambo kilicholala pakitini wiki nzima, vidole vitateleza. Sasa gundi ya stika iliyo nyuma ya jicho inakutana na mafuta hayo. Kesho yake imeanza kulegea, siku ya tatu imekuwa ute. Hakuna namna ya kubandika itakayoiokoa.

Na supagluu ya kawaida? Ikikauka inakuwa ngumu kama kioo. Chambo chako kazi yake ni kupinda: mkia unapiga, kichwa kinatikisika kila unapozungusha rili. Plastiki inapinda, gundi haipindi, lazima ipasuke. Tena mvuke wake unaacha ukungu mweupe juu ya kuba, jicho linaonekana kama lenye mtoto wa jicho hata kabla halijagusa maji. Wengine wanawaambia watu watumie epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili. Epoksi haishiki plastisoli, utaibandua kwa ukucha. Wengine rangi ya kucha. Jaribuni muone: inanata wiki nzima, haikauki, inakusanya vumbi na nywele.

Nyie mnaofundisha kwenye video, mnabandika jicho, mnageuza chambo mbele ya kamera, kinang'aa, mnaaga. Mbona hamtuonyeshi chambo hicho hicho baada ya saa mbili majini? Kuna vijana wananunua chupa ya plastisoli kwa akiba ya miezi, wanawafuata nyie neno kwa neno.

Basi kwa faida ya hao vijana, mimi naandika nilichokipata kwa kuungua vidole.

Jicho halitakiwi kukaa juu ya ngozi ya chambo. Linatakiwa kukaa ndani. Unapochonga ule mfano wa kwanza wa mti au sabuni kabla ya kutengeneza kalibu, chonga na vishimo vya macho, kina chake kiwe sawa na unene wa jicho, ili mdomo wa samaki ukipita usikute ukingo wa kukwangua. Kama kalibu yako haina vishimo, pasha moto kichwa cha msumari wenye upana wa jicho, gusa mara moja, toa. Fanya hivyo nje penye upepo. Plastisoli ikizidi moto inageuka kahawia na kutoa moshi mkali wenye asidi, na hilo nalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia. Sufuria ya plastisoli isirudi jikoni kamwe.

Halafu futa kishimo kwa spiriti, subiri kikauke kabisa, na usikiguse tena kwa kidole. Bandua ile stika ya nyuma ya jicho na mabaki yake yote, kwa sababu ndiyo inayoleta ute. Tumia supagluu ile iliyotiwa mpira, inayobaki na unyumbufu ikikauka. Tone moja dogo katikati, si pembeni.

Bado hujamaliza. Yeyusha plastisoli angavu kidogo, chovya kijiti cha meno, zungusha kwenye ukingo wa jicho ili ipande juu ya kuba kwa upana wa uzi. Ikiwa ya moto inaungana na mwili wa chambo, inakuwa kitu kimoja nao. Ule ndio ukope wenyewe, ndio unaoshika jicho. Acha ipoe kidogo kabla ya kugusa, ikiwa kali sana kuba litaharibika. Kazi hii kwa vyambo 10 inanichukua jioni nzima. Lakini wiki mbili zilizopita kijana mmoja hapa Masese alitoa sangara wa kilo sita kwa chambo cha namna hii. Mkia uliliwa wote, tumbo lilichanika, macho yote mawili yalikuwepo.

Njia nyingine, ya bei rahisi kuliko zote, ni shanga. Nunua shanga ndogo za njano sokoni Owino. Pitisha sindano yenye mshipi wa nailoni kutoka shavu moja hadi la pili, weka ushanga kila upande, kata, yeyusha ncha kwa kiberiti hadi ifanye kinundu. Kinundu hicho kipake wino mweusi, umepata mboni. Haling'ai kama la dukani, lakini halitoki bila kuchana kichwa.

Najua atatokea mtu hapa aseme sangara hajali macho, anafuata mtikisiko tu. Kwenye maji ya kijani yaliyojaa gugu maji simbishii sana. Ila huyu ni samaki ambaye ukimmulika kwa tochi usiku macho yanawaka, ana tabaka la kurudisha mwanga nyuma ya jicho, na giza likiingia bado anawinda. Chakula chake ni furu, hawa tunaowaita nkejje. Nendeni mwaloni mkamtazame nkejje mbichi: jicho ni kubwa kuliko unavyodhani, mboni nyeusi, duara linang'aa. Mimi siwezi kumuuzia mtu nkejje asiye na jicho nikamwambia haidhuru.

Nilirudi dukani. Nikamwonyesha vyambo vitatu na macho 120 yaliyobaki. Akanijibu: "Ssebo (bwana), wewe ndiye hujui kubandika. Na ukishafungua pakiti ni mali yako." Nikamwomba atoe moja pale pale abandike yeye mwenyewe kwenye chambo changu, tukae dakika 10 tuvute mkia. Akageukia mteja mwingine.

Ninachotaka si kikubwa. Pakiti iandikwe kwamba gundi hii si ya plastiki laini. Au waache kuongopa tukiwauliza. Na kama kuna mwingine hapa aliyeuziwa macho kwa maneno hayo hayo, aseme, nijue kama ni mimi peke yangu.

Jumatatu napanda teksi ya Kampala na vile vyambo 31 kwenye mfuko. Nitavipanga juu ya kaunta yake kimoja kimoja, mbele ya wateja, hadi anirudishie 40,000 yangu au aniambie usoni kwamba alijua.