Ukichoma kalori kwa mazoezi, unazirudisha kwenye sahani ama unaziacha?

Mama Blessing, Nakuru:
Hamjambo wote. Nisaidieni hapa maana nyumbani tumebishana mpaka chai ikapoa. Napunguza uzito, na asubuhi natembea kupanda upande wa Menengai, nikirudi saa ya mkononi inaniambia nimechoma kalori 620. Sasa ile programu ya simu ilikuwa imenipa 1,500 kwa siku, nikishatembea inabadilika inasema naweza kula 2,120. Dada yangu anasema nikizila hizo 620 ni kazi bure, heri ningelala. Kijana wa jimu anasema nisipozila mwili utajifunga ushikilie mafuta. Nile ama nisile? Naomba jibu la mtu anayejua, tafadhali, sijakuja kuchekwa.

Fundi Kiamunyi:
Usile hata moja. Hiyo saa si ya kuamini. Watu wa Chuo cha Stanford kule Marekani walipima vifaa saba vya mkononi mwaka 2017, mapigo ya moyo vingi vilisoma vizuri lakini kwa kalori hata kile bora kilikosea kwa kama asilimia 27 na kibaya kabisa asilimia 93. Sasa mtu achukue namba ya namna hiyo aikaangie chapati? Wanawake wengi mnakwama hapo, mnatembea kidogo halafu mnajipa zawadi.

Nyar Dunga:
Kaka ungeishia kwa Stanford ungekuwa umesema jambo la maana. Hiyo ya wanawake wengi umeitoa wapi? Wanaume wanaocheza mpira Jumapili halafu jioni nzima ni nyama na bia, hao hawajipi zawadi? Gramu moja ya pombe ina kalori 7, ya wanga 4, hesabu mwenyewe. Mama Blessing nitakujibu vizuri jioni, niko kazini.

Baba Junior, Milimani Kisumu:
Fundi amesema ukweli, tusikasirike. Kukimbia kunachoma kama kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, kutembea ni chini ya hapo. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 5 ametoa kama 400. Soda ya nusu lita peke yake ni kama 200, ongeza chapati moja yenye mafuta na zote zimeisha, na alikula kwa dakika kumi akiwa amesimama. Uzito unapunguziwa jikoni. Angalia watu wa mashambani, hawana saa wala programu na wako sawa. Japo ile kulima yao pia si mazoezi, ni kazi tu, moyo haupandi.

Wa Vihiga:
Ati kulima si mazoezi???

Baba Junior wewe umewahi kushika jembe? Shamba letu liko kwenye mteremko, mvua ya Machi ikinyesha udongo unakuwa mzito unanata. Mama yangu anatoka na giza amekunywa chai na viazi vitamu, anainua jembe mpaka juu ya kichwa, analizamisha, anageuza bonge, analigonga na mgongo wa jembe lipasuke, anainama kung'oa sangari mizizi yote maana ukiacha kidogo inarudi, halafu anasogea hatua moja anaanza tena. Mpaka saa nne. Ndio anashuka mtoni na mtungi anapanda nao. Njoo ushike hilo jembe saa moja tu halafu uniambie moyo umepanda ama haukupanda. Watu wa Milimani mnalipia kutembea juu ya mashine iliyosimama mahali pamoja na mnatuambia sisi kazi yetu haihesabiki.

Baba Junior, Milimani Kisumu:
Sijamgusa mama yako bwana, heshima zake. Nimesema mazoezi yana mpango, unaongeza kidogo kidogo, unapumzika. Na kama kulima kunapunguza uzito mbona kuna wamama wanalima miaka yote na bado ni wanene?

Wa Vihiga:
Sasa umehama. Ulisema moyo haupandi, jibu la moyo liko wapi? Na huo unene wa wamama umeupimia wapi, matangani?

Mwalimu wa Bayolojia, Kakamega:
Watoto wangu tulieni. Kuna jedwali ambalo watafiti hutumia kulinganisha kazi za mwili na kukaa tu kimya. Kutembea haraka ni kama mara nne ya kukaa. Kulima kwa jembe ni kama mara tano. Kwa hiyo wa Vihiga ana haki yake, moyo unapanda, na unapanda kuliko wa anayetembea barabarani.

Lakini swali la Baba Junior la unene nalo si la kutupwa, hata kama amelileta vibaya. Wahadza wa Tanzania, wale wanaowinda na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi, walipimwa na Herman Pontzer na wenzake, matokeo yakatoka 2012. Wanatembea sana kila siku kuliko mtu wa ofisini, lakini ukilinganisha miili ya ukubwa mmoja, kalori zao za siku nzima hazikupita za Wamarekani na Wazungu. Maelezo yake Pontzer ni kwamba mwili uliozoea kazi unabana matumizi sehemu nyingine. Si kila mtafiti anakubali kwamba unabana kwa kiasi hicho, ila ni sababu nzuri ya kutochukulia kila kalori ya saa kama pesa taslimu.

Mkimbiaji Njoro:
Mwalimu nakuheshimu lakini mkiendelea hivi mtu ataacha kula kabisa. Mimi nakimbia mbio ndefu na nisiporudisha chakula siku hiyo, kesho yake miguu haiendi, na baridi hii ya Njoro inaniingia mpaka kwenye mifupa. Vincent Onywera na wenzake walipima chakula cha wakimbiaji wetu wakubwa, wakakiandika 2004, na kama robo tatu ya nguvu yao ilitoka kwenye wanga. Ugali, chai ya maziwa yenye sukari. Wanakula na wanashinda dunia. Kwa hiyo huu wimbo wa "usile usile" muuache.

Fundi Kiamunyi:
Wewe ni mwembamba unajiandaa kwa mashindano. Mama Blessing anapunguza uzito. Mbona unamwambia ale kama mtu wa Iten? Hao wanakimbia asubuhi na jioni, wakirudi ni kulala, na hakuna mmoja anayejaribu kutoa kilo 20. Ugali ule ule, mtu mwingine, hesabu nyingine.

Mkimbiaji Njoro:
Na wewe ni fundi wa nini hasa? Maana tangu asubuhi unapima miili ya watu ambao hujawaona.

Fundi Kiamunyi:
Fundi wa mbao. Na napima kabla ya kukata, ndiyo maana nasema kile nasema.

Mwalimu wa Bayolojia, Kakamega:
Na hili la mwili kujifunga, alilosema kijana wa jimu, nalo liwekwe sawa. Mwaka 1944 mpaka 1945 kule Minnesota, Ancel Keys aliwaweka wanaume 36 kwenye chakula cha kama kalori 1,570 kwa siku kwa miezi sita, huku wakitembea kama kilomita 35 kwa wiki. Mwili ulipunguza matumizi kweli, wakawa wanahisi baridi na kuota chakula mchana. Lakini walipoteza kama robo ya uzito wao. Hakuna aliyeshikilia mafuta kwa sababu hakula. Tatizo lao lilikuwa mateso, walinyong'onyea mpaka wakakosa hamu na kila kitu. Huo ndio ubaya wa kubana mno.

Muuguzi wa Usiku:
Nimesoma yote na kuna kitu hakuna aliyeuliza. Mama Blessing, uko na sukari? Unanyonyesha? Hedhi inakuja kama kawaida? Anayetumia insulini ama vile vidonge vinavyosukuma sukari chini, akipanda mlima bila kula anaweza kuanguka njiani, na hapo si suala la kupunguza uzito tena, huyo azungumze na kliniki yake kabla ya kubadilisha chochote. Anayenyonyesha anahitaji nyongeza ya mamia ya kalori kila siku hata asipotembea. Na mwanamke anayejinyima huku anafanya mazoezi mpaka hedhi ikasimama, mifupa yake inaumia hata kama kioo kinampendeza. Naona wasichana wa jimu wanakuja na hilo na wanadhani ni ushindi. Wanaume nao wanakuja wakiwa wamechelewa kabisa.

Baba Junior, Milimani Kisumu:
Tunachelewa kwa sababu ukifika unapangwa foleni asubuhi mpaka saa nane na kazi inakungoja. Si kwamba hatutaki.

Muuguzi wa Usiku:
Foleni ni kweli, na inatuumiza hata sisi. Lakini kipimo cha sukari cha kidole ni dakika chache, usikiache miaka.

Nyar Dunga:
Nimerudi. Mama Blessing, mimi nasema ule nusu, na sababu ni hizi. Kwanza, saa nyingi zinakuhesabia hata kalori ambazo ungetumia ukiwa umelala. Mwili unaotumia 1,500 kwa siku kwa kupumua na kukaa tu, kwa masaa mawili unatumia kama 125 bila kuinua mguu. Hizo programu ilishazipanga, kwa hiyo ukizila unazila mara mbili. Pili ni kosa la saa lenyewe alilosema Fundi. Toa hayo mawili kwenye 620 utabaki na kama 300. Halafu angalia pale ulipojisajili, ulichagua mtu wa kukaa ama mtu wa shughuli nyingi? Kama ni wa shughuli nyingi, matembezi yameshahesabiwa tangu mwanzo na usiongeze kitu.

Ukila nusu, kaa hivyo wiki tatu nne, jipime asubuhi hali ile ile, uangalie wastani wa wiki, siku moja inadanganya kwa maji na chumvi. Kilo ikishuka pole pole na una nguvu, hiyo namba ni yako. Isiposhuka, punguza. Ukianza kuwa mkali kwa watoto na usingizi umekataa, ongeza. Na mafuta ya kupikia yapime, wanawake wenzangu nawasihi. Kijiko kimoja kikubwa ni kama kalori 120. Hapa kwetu ngege anakaangwa akiogelea, ukimtoa na kumweka kwenye karatasi unaona karatasi yote imekuwa ya kupitisha mwanga. Samaki hana hatia.

Wa Vihiga:
Na Baba Junior bado hajajibu ya jembe.

Baba Junior, Milimani Kisumu:
Mwalimu ameshasema mara tano. Sina ubishi na mwalimu.

Mama Blessing, Nakuru:
Asanteni, hata waliogombana. Muuguzi, sina sukari, nilipima mwaka huu, na mtoto wa mwisho ameshaingia shule. Nyar Dunga, nilichagua mtu wa kukaa, mimi ni cherehani mchana kutwa. Basi nitakula 300 niache zilizobaki. Fundi, sitembei kidogo, huo mlima njoo uupande. Sasa nina swali lingine, ugali naupima ukiwa unga ama ukishaiva? Maana programu imenipa namba mbili tofauti kabisa.

Mwalimu wa Bayolojia, Kakamega:
Pima unga mkavu. Gramu 100 za unga wa mahindi ni kama kalori 360, maji hayana kitu. Ukipikia watu wanne, pima unga wote, songa, pima ugali wote ulioiva, halafu sehemu yako kwa uzito. Ugali laini na ugali mgumu havilingani kwa sababu ya maji tu.

Mkimbiaji Njoro:
Na ukoko je?

Mwalimu wa Bayolojia, Kakamega:
Ukoko ni unga ule ule uliokauka, kwa hiyo gramu kwa gramu una kalori nyingi kuliko ugali wenyewe. Anayekwangua sufuria ahesabiwe.

Fundi Kiamunyi:
Kwangu watoto ndio wanakwangua. Mama Blessing, Jumamosi unapanda saa ngapi? Nakuja na mke wangu.

Mama Blessing, Nakuru:
Saa kumi na mbili kamili. Na hakuna aliyeniambia kama hizo 300 nazila kabla ya kupanda ama nikishashuka.

Mkimbiaji Njoro:
Ukishashuka.

Muuguzi wa Usiku:
Kidogo kabla. Mkimbiaji, si kila mtu ana tumbo lako.